Safari Ndefu Haihesabiwi kwa Kilomita Peke Yake: Mada kuhusu Uzoefu wa Madereva wa Masisi na Walikale



Kijana anapeleka barua ya kuomba kazi kwa kampuni inayobeba mizigo kati ya Mombasa, Kampala na Goma. Anaulizwa kama ana uzoefu wa safari ndefu. Anajibu kwamba ameendesha Fuso kwa miaka kati ya Goma na Walikale. Anaambiwa hiyo ni kazi ya karibu, maana barabara yenyewe haifiki kilomita 250, wakati Mombasa iko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Goma. Barua yake inawekwa kando. Nasema jibu hilo linamwonea dereva, na kampuni inayolitoa inajipunja yenyewe.

Tuipitie njia hiyo. Kutoka Goma mpaka Sake unakwenda bila shida kubwa. Baada ya Sake unapanda kuelekea Mushaki, unaingia vilima vya Masisi, udongo unaoteleza, makona yenye mteremko mkali upande mmoja. Unafika Masisi-Kati, unapita Nyabiondo, kisha unaingia msitu wa Walikale. Kiangazi ukiwa na bahati unafika upesi. Wakati wa mvua, kamio moja ikizama katika potopoto, zote zilizo nyuma yake zinalala hapo, siku mbili, siku nne, juma zima. Dereva ndiye anayelinda saruji isiloane na mafuta yasiibwe. Ndiye anayeamua kama daraja la miti litabeba tani alizopakia, au kama ni lazima ashushe nusu ya mzigo, avuke, apakie tena. Hakuna bosi wa kumwuliza, maana mara nyingi simu haishiki. Barabara hii imekuwa mbovu kiasi kwamba kwa miaka mingi bidhaa za Walikale zilipelekwa kwa ndege, na ndege hizo zilitua Kilambo juu ya kipande cha barabara ya lami, zikarudi na kasiteriti, yaani madini ya bati, ya mgodi wa Bisie. Mtu anayepitisha gari pale ambapo wengine wameona afadhali kuruka angani, je, huyo ni dereva wa karibu?

Tutazame wenzetu wanavyopima. Marekani sheria ya usafiri inaruhusu baadhi ya madereva wa karibu wasijaze daftari la saa za kazi, kwa masharti mawili yanayokwenda pamoja: wasitoke nje ya maili 150 za angani, yaani kama kilomita 278 kutoka kituo chao, na warudi kituoni hapo ndani ya saa 14. Kwa mstari ulionyooka, Goma na Walikale hazifikii hata kilomita 150. Kwa sharti la kwanza, basi, dereva wetu ni wa karibu. Kwa sharti la pili hawezi kuwa wa karibu hata siku moja, maana kurudi Goma ndani ya saa 14 na mzigo ukiwa umeshushwa ni jambo asilolijua. Sharti hilo la pili ndilo lenye maana kwetu. Safari ni ndefu pale dereva analala nje na gari na mzigo wa watu, akiwa peke yake mwenye kujibu kwa kila kitu. Hicho ndicho kipimo ninachowaomba wenye makampuni wakipokee: usiku aliolala njiani, mzigo aliokabidhiwa, na hali aliyoufikisha nayo.

Tena kuna barieri. Mwaka 2017 taasisi ya utafiti ya IPIS ya Ubelgiji ilihesabu vizuizi 798 katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Dereva wa njia hizi amejifunza kusimama vizuri, kuzima gari, kusema kwa heshima na mtu mwenye bunduki, kutoa karatasi bila haraka, na kumtuliza konvoyeri wake, yaani msaidizi wake wa gari, anayetetemeka. Hakuna shule inayofundisha hayo, na kampuni yoyote inayotuma mzigo mashariki ya Kongo inayahitaji.

Lakini nisiwapake mafuta madereva wenzangu. Kuna mambo ambayo Walikale haimfundishi mtu. Kongo na Rwanda tunaendesha upande wa kuume. Ukiingia Uganda, na kuendelea Kenya au Tanzania, unahamia kushoto, na kosa la mara moja kwenye mzunguko linaua. Kuvuta tela ndefu kwa kasi juu ya lami si sawa na kuendesha Fuso kwa gia ya kwanza. Kuna mizani za barabarani: katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo iliingia mwaka 2022, uzito wa gari na mzigo wake haupaswi kuzidi tani 56. Kuna karatasi za forodha. Dereva wetu akiyakosa hayo, afundishwe hayo. Kumwambia hana uzoefu wowote ni jambo lingine kabisa.

Jambo linaloniuma zaidi ni ushahidi. Wengi wetu tuliajiriwa kwa mdomo. Kanuni ya Kazi ya Kongo, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamlazimisha mwajiri atoe cheti cha kazi mkataba unapokwisha, kikionyesha aina ya kazi na muda wake. Ni madereva wangapi humu wanacho? Na hata waliokuwa na karatasi, vita vimezila. Mapigano yalifika Sake mwanzoni mwa 2024, Goma ikaanguka Januari 2025, Walikale ikatekwa Machi mwaka huo huo, na hata mgodi mkubwa wa Bisie ukasimamisha kazi kwa muda. Wenye magari walikimbia, ofisi zikafungwa. Sasa dereva anaulizwa: mbona mwaka huo hukufanya kazi? Mwenye kuajiri anayeona pengo hilo kama uvivu hakuishi katika jimbo hili la Kivu ya Kaskazini.

Kwa hiyo napendekeza kitabu cha safari, kimoja kwa kila dereva, mali yake mwenyewe na si ya mwenye gari. Kila safari iandikwe: siku ya kuondoka na ya kufika, aina ya gari, mzigo na tani zake, usiku aliolala njiani, kama mzigo ulifika kamili. Mwenye gari atie sahihi, na Chama cha Madereva wa Kongo, ACCO, kikubali kugonga muhuri. Konvoyeri naye awe na chake. Miaka yake isihesabiwe kama ya kuendesha, lakini iandikwe kwa jina lake, kwa sababu aliyelala chini ya kamio na kuweka ubao nyuma ya tairi katika mteremko wa Mushaki anaijua njia kuliko mwenye permi mpya aliyeipata mjini.

Neno moja la tahadhari, nawasihi mlishike. Katika kitabu hicho kusiandikwe kamwe ni nani aliyelipwa kwenye barieri, wala ni kundi gani lilikuwa wapi siku ile. Karatasi itakayofunguliwa kwenye barieri inayofuata inaweza kumgharimu dereva maisha yake. Na kila ukurasa ukijaa, upigwe picha kwa simu, itumwe kwa mke au kwa ndugu aliye mahali pengine, kwa sababu gari linaweza kuchomwa na kitabu kikiwa ndani.

Wakubwa wa makampuni, kwenu ninaleta ombi dogo. Mpokeeni mwenye kitabu kama hicho, mkae naye kwenye gari lenye tela mpaka Kampala na kurudi, mumwangalie upande wa kushoto na kwenye mizani, ndipo mwamue kama mnamchukua.