Kibarua Bila Barua

Mazungumzo mbele ya waumini na wanaharakati, Garsen



Nimeombwa nizungumze juu ya haki za mfanyakazi. Nitaanza na neno ambalo tumelizoea mno hata hatulisikii tena: kibarua. Neno hili ni mtoto wa barua. Zamani mtu wa kazi za kutwa alipewa kijikaratasi kilichoonyesha siku zake za kazi, na kwa kijikaratasi hicho akadai ujira. Jina la karatasi likawa jina la mtu. Leo jina limebaki, karatasi imetoweka. Kibarua wetu huhesabiwa kichwa alfajiri na kutiliwa pesa mkononi jioni. Na siku akiambiwa asirudi, hana hata mstari mmoja wa kuonyesha kwamba aliwahi kufika pale. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Jasho nalo ni mali.

Ndugu zangu, sisi watu wa Tana hatuhitaji kwenda mbali kutafuta somo hili. Ufuateni mto kwenda juu mpaka Hola. Hapo, tarehe 3 Machi 1959, serikali ya kikoloni iliwatoa kambini watu iliowaweka kizuizini, ikawaamuru wakafanye kazi katika skimu ya kunyunyizia mashamba maji. Walikuwa wamekataa kazi hiyo ya kulazimishwa. Wakapigwa marungu, na watu 11 wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ikadai kwamba walifariki baada ya kunywa maji ya gari la maji. Kando ya mto Tana, maji yakasingiziwa mauaji!

Uongo huo ulivunjwa na nini? Ulivunjwa na ushahidi ulioandikwa. Uchunguzi wa maiti na wa hakimu ulionyesha kwamba watu wale walikufa kwa kupigwa. Usiku wa tarehe 27 Julai mwaka huohuo jambo hilo lilifika katika Bunge la Uingereza, na hata Enoch Powell, mbunge wa chama kilichokuwa kikitawala, akaikemea serikali ya chama chake.

Mmoja wa walionusurika, Wambugu wa Nyingi, alipigwa hata akazimia, akalazwa pamoja na maiti. Aliishi hadi uzeeni akadai haki yake. Mwaka 2011 ilibainika kwamba serikali ya Uingereza ilikuwa imeweka faili nyingi za enzi ya ukoloni mahali pa siri panapoitwa Hanslope Park. Mwaka 2012 mahakama ya London iliruhusu kesi yake na wenzake iendelee, na Juni 2013 Uingereza ikatangaza majuto bungeni na kukubali kuwalipa wadai 5,228. Tangu marungu ya Hola hadi siku hiyo ilipita miaka 54. Karatasi zilikawia, lakini zilisema.

Bendera ilibadilika mwaka 1963. Je, mtu wa kazi alipata sauti? Katika skimu za Hola na Bura mkulima alikuwa mpangaji mwenye leseni. Hakuwa mwajiriwa mwenye mshahara, wala hakuwa mwenye shamba. Pamba ilikwenda kwa bodi, gharama zikakatwa huko huko, naye akangoja kuambiwa kilichobaki. Mto ulipobadili njia mwaka 1989, mashamba ya Hola yalikauka, na baada yake mitambo ya Bura ikashindwa. Aliyekuwa ameyatolea mashamba hayo nguvu za ujana wake alibaki na jembe tu.

Wako wanaotuuliza: haya yanahusianaje na siasa ya vyama vingi? Yanahusiana kama mkono na kiganja. Serikali inayoogopa chama cha pili huogopa pia chama cha wafanyakazi. Wakoloni walimkamata Chege Kibachia baada ya mgomo mkuu wa Mombasa wa 1947, na Makhan Singh mwaka 1950. Tulipojitawala, chama cha watumishi wa serikali kilipigwa marufuku mwaka 1980, na hakikurudi mpaka 2001, miaka kumi baada ya kifungu cha 2A kufutwa. Mwananchi hupiga kura mara moja katika miaka mitano; kazini huenda kila siku. Akiwa bubu kazini siku zote hizo, kura yake peke yake haitamfungua kinywa.

Lakini leo hatuombi huruma, tunadai kilicho chetu. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki, mazingira ya kazi yanayofaa, kujiunga na chama, na kugoma. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaja hata kibarua. Tuseme yuko mama anayepalilia mpunga na kuamia ndege katika shamba la mtu. Amefanya kazi mfululizo, na siku zake zimetimia mwezi mmoja. Sheria haimwoni tena kuwa mtu wa kutwa. Inamhesabu kuwa mwajiriwa wa mwezi, anayestahili kupewa notisi kabla ya kuondolewa. Ana siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Akijifungua, ana likizo ya miezi mitatu yenye malipo kamili. Akishtakiwa kosa la kumfukuzisha kazi, ni lazima aelezwe kosa hilo kwa lugha anayoielewa, naye asikilizwe akiwa na mwenzake aliyemchagua.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hatulijui. Kuandika mkataba na kutunza kumbukumbu ni wajibu wa mwajiri. Kesi ikifika mahakamani naye hana maandishi ya masharti ya kazi, mzigo wa kuthibitisha masharti hayo ni wake. Hata hivyo, yule mama lazima kwanza aonyeshe kwamba alifanya kazi pale. Tena asikawie: dai la namna hii kwa kawaida hufungiwa mlango baada ya miaka 3. Mzee wa Hola alingoja miaka 54. Kibarua wa Garsen hana muda huo.

Sasa naomba niguse mahali panapouma. Ni nani huyu mwajiri tunayemlaumu? Je, mlinzi anayelala mlangoni pa kanisa letu ana mkataba? Mwalimu wa chekechea ya parokia alilipwa lini mara ya mwisho? Msichana anayetulelea watoto ili sisi tuje kwenye mkutano huu wa haki, yeye hupumzika siku gani? Na kijana anayetuchungia ng'ombe? Torati iliagiza kibarua alipwe kabla ya jua kutua. Mtume Yakobo aliwaonya matajiri kwamba ujira waliouzuia unapiga kelele mbele za Mungu. Ndugu zetu Waislamu wamefundishwa kumlipa mwajiriwa kabla jasho lake halijakauka. Kumwita mtu "mtumishi wa Bwana" si mshahara. Tukiishtaki serikali huku tumewanyima haki watu wa nyumbani mwetu, tutakuwa tumeficha marungu chini ya kanzu.

Kwa hiyo nawaachia kazi tatu. Ya kwanza: kila kibarua awe na daftari lake. Aandike tarehe, shamba, kazi, pesa alizolipwa, na jina la mwenzake aliyekuwapo. Asiyejua kuandika aandikiwe na mtoto wake, na ujumbe wa malipo ya simu usifutwe. Ya pili: kila kanisa na kila msikiti uteue watu wawili wa kupokea malalamiko na kuyafikisha kwa afisa wa leba mapema. Vibarua nao wasiende mmoja mmoja. Wakutane na watafute chama. Mpokomo, Morma na Mwardei wakilipwa pungufu katika shamba moja, upungufu huo hauulizi kabila. Ya tatu: kabla ya Jumapili ijayo, kila mmoja wetu aliyeajiri mtu amwandikie barua ya kazi, hata kama ni ukurasa mmoja.

Wale 11 wa Hola walikufa kwa kusema hapana. Sisi twaombwa jambo dogo zaidi: tuandike ukweli, na tuuandike mapema. Tumrudishie kibarua barua yake.