Hotuba ya Kamati: Safari za Kampala



Katika sikukuu hii ya Juni 20 tumeombwa kusema habari za wenzetu wanaokwenda Kampala. Anayetoka hapa Nakivale kwenda kuhojiwa au kumwona daktari hupewa saa maalum. Lakini taksi za mjini hazina saa; zinangoja watu 14. Umeketi ndani tangu alfajiri, konda anaita "bado mmoja, bado mmoja", na huyo mmoja akiingia, wawili wamekwisha kuchoka wakashuka. Mvua ikinyesha nauli inapanda. Tena mnaweza kushushwa nusu ya njia, gari ligeuke, na fedha zenu hazirudi. Bodaboda ina haraka, ndiyo, ila mama mwenye mtoto mgonjwa ataipandaje katika matope?

Wenyeji nao wanalia. Mwaka 2012 yalianza mabasi makubwa ya Pioneer, ya rangi ya machungwa, watu wakafurahi. Mwishoni mwa 2013 yakasimamishwa kwa ajili ya deni la kodi.

Kinachotuuma sisi ni hiki: aliyechelewa huandikwa kwamba hakufika, na jina lake hurudi mwisho wa orodha. Kwa hiyo tunaomba wanaotoka kambini wapangiwe saa za mchana, na aliyechelewa asikilizwe siku hiyo hiyo. Barua imekwisha andikwa. Katibu anayo hapa mezani, pamoja na kalamu. Wenye kutaka kutia sahihi wapite kabla ya ngoma kuanza.