Dawa Kali ya Maumivu Inataka Utaratibu, Si Woga

Msikilizaji, katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki yupo mgonjwa wa saratani asiyepata usingizi kwa maumivu, na ndugu zake wamekubaliana kwamba mofini asipewe, atakuwa teja. Mtaa wa pili tu, kijana mbeba mizigo ananunua tramadoli dukani bila karatasi ya daktari kwa sababu mgongo unamuuma, na muuzaji hamuulizi hata swali moja. Dawa hizi mbili ni za ukoo mmoja, ukoo wa afyuni. Moja tunaiogopa kupita kiasi, nyingine tumeizoea kupita kiasi. Maoni yangu ni kwamba makosa yote mawili yana chanzo kimoja. Tumejifunza kuuliza kama dawa ni nzuri au mbaya, na hatukujifunza kuuliza maswali yanayookoa maisha: nani ameiandika, kwa kipimo gani, inywewe saa ngapi, na nani anaitunza nyumbani. Dawa ya ukoo huu inakuwa salama kwa utaratibu. Woga hauifanyi kuwa salama, wala mazoea hayaifanyi.

Tuanze na woga, maana hasara yake haionekani kwenye vichwa vya habari. Mwaka 2017 tume ya wataalamu iliyoundwa na jarida la kitabibu la The Lancet ilitoa hesabu ya kusikitisha. Kwa wastani wa mwaka, dunia ilikuwa ikigawa dawa za ukoo huu zenye nguvu sawa na takriban tani 298 za mofini, na nchi za kipato cha chini zikijumlishwa zote zilipata tani 0.1, yaani kilo mia moja tu. Mwaka 2010 shirika la Human Rights Watch lilieleza kwamba nchini Kenya ni hospitali saba za umma, kati ya takriban 250, zilizokuwa na mofini ya kunywa. Sababu si bei, kwa kuwa unga wa mofini ukichanganywa na maji safi na kihifadhi hutoa dawa nafuu kabisa. Kilichokosekana ni idhini ya kuiandika, watumishi waliofundishwa, na imani. Hata mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961 wa kudhibiti dawa za kulevya, unaotajwa kila mara kama sababu ya kufunga makabati, unasema katika utangulizi wake kwamba dawa hizi ni za lazima katika kutuliza maumivu na kwamba upatikanaji wake kwa tiba uhakikishwe. Sehemu ya kuzuia tuliishika kwa bidii, sehemu ya kutibu tukaiacha.

Anayeogopa naye ana ushahidi wake, na ushahidi huo ni Marekani. Mwaka 1996 kampuni ya Purdue Pharma iliingiza sokoni OxyContin, vidonge vya oksikodoni vinavyotoa dawa polepole mwilini, na wauzaji wake wakawahakikishia madaktari kwamba hatari ya uraibu ni ndogo. Vidonge vikaandikwa kwa maumivu ya mgongo ya miaka na kwa watu ambao dawa nyepesi zingewatosha, mara nyingi bila kufuatiliwa. Mwaka 2007 kampuni ya Purdue Frederick, iliyo ya kundi hilohilo, ilikiri mahakamani kwamba ilipotosha watu kuhusu hatari hiyo, na malipo yaliyotozwa yakazidi dola milioni 600. Lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Mwaka 2022 zaidi ya watu 80,000 walikufa nchini humo kwa kuzidisha dawa za ukoo wa afyuni, wengi wao kwa fentanili ya magendo, iliyokuta soko la watu ambao miili yao ilikuwa imekwisha kuzoea vidonge. Tuisome kesi hii vizuri. Janga lilianza pale dawa ilipouzwa kama bidhaa ya kawaida, hatari yake ikafichwa, na kuandikiwa kukatenganishwa na kufuatiliwa. Mgonjwa wa saratani aliyepewa mofini kwa kipimo hakuwa chanzo cha janga hilo.

Jirani zetu wa Uganda walichagua njia nyingine. Mwaka 1993 Dk. Anne Merriman, daktari aliyezaliwa Liverpool, alianzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala, akaja na mofini ya maji inayoweza kuchanganywa hukohuko. Mwaka 2004 sheria ikawaruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza mateso ya mgonjwa, kuiandika, kwa sababu madaktari ni wachache na wagonjwa wengi wako vijijini. Serikali ikaitoa bila malipo. Ilichotoa Uganda hakikuwa chupa peke yake. Chupa ilifuatana na mtu aliyefundishwa, daftari la kumbukumbu, na mgonjwa anayetembelewa au kurudi kuonwa. Leo ni zaidi ya miaka thelathini, na hakujazuka huko janga la uraibu lililotokana na mofini hiyo ya wagonjwa. Nchi mbili, dawa za ukoo mmoja, matokeo tofauti kabisa. Tofauti ni utaratibu.

Sasa tuitazame chupa yenyewe, kwa kuwa utaratibu usiofika kitandani kwa mgonjwa ni maneno matupu. Mofini ya maji hufanya kazi kwa takriban saa nne, hivyo huandikwa kwa saa, haisubiri mgonjwa alie. Ratiba ya kawaida ni saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku, na dozi hiyo ya mwisho mara nyingi huagizwa iwe maradufu ili mgonjwa alale mpaka alfajiri. Anayengoja maumivu yapande ndipo anywe hujikuta akihitaji dawa nyingi zaidi kuyashusha. Nchini Uganda dawa hutiwa rangi kulingana na nguvu: ya kijani ina miligramu 5 katika kila mililita 5, ya waridi ina miligramu 50 katika mililita zilezile 5. Ujazo ni uleule, nguvu ni mara kumi. Rangi hizo si kanuni ya dunia nzima, kwa hiyo kila chupa mpya isomwe lebo upya, na familia imuulize mfamasia swali moja: hii ni sawa na ile ya mwanzo? Kipimo kitolewe kwa bomba la sindano lisilo na sindano au kikombe chenye alama, kamwe si kijiko cha jikoni, maana vijiko havilingani. Kila dozi iandikwe kwenye karatasi pamoja na saa yake, ili shangazi asitoe dozi ambayo kaka ametoka kuitoa. Na dozi iliyosahaulika haifidiwi kwa kunywa mbili pamoja.

Hatari kubwa ya dawa hizi ni kupunguza kasi ya kupumua, na hatari hiyo hupanda zinapochanganywa. Pombe, vidonge vya usingizi, diazepamu, hata baadhi ya dawa za mafua zinazoleta usingizi, huongeza uzito juu ya uzito. Mgonjwa wa figo huhitaji kipimo kidogo au dawa nyingine, kwa sababu mabaki ya mofini hukaa mwilini mwake. Vidonge vya kutoa dawa polepole havivunjwi wala kutafunwa, maana dozi iliyokusudiwa kutosha muda wa saa kumi na mbili huachiliwa yote kwa mara moja. Usingizi wa siku chache za mwanzo ni jambo la kawaida. Lakini mgonjwa asiyeamka akiitwa na kutikiswa, anayepumua polepole mno au kwa kukoroma kusiko kwa kawaida, mwenye mboni zilizosinyaa kama ncha ya pini, anahitaji hospitali sasa hivi, ambako kuna dawa iitwayo naloksoni inayoweza kuurudisha upumuaji. Jambo jingine linaonekana dogo na ndilo linalowafanya wengi waiache tiba: dawa hizi hufunga choo. Mwili hauizoei adha hiyo, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo iombwe tangu siku ya kwanza.

Dawa ya mgonjwa mmoja ni ya mgonjwa mmoja. Dozi inayompa nafuu mtu aliyezoea kwa wiki kadhaa inaweza kumuua jirani mwenye jino linalouma, au mtoto anayedhani chupa ni sharubati. Chupa ikae mahali pa kufungwa, na mgonjwa akipona au akifariki, iliyobaki irudishwe ilikotolewa. Wazazi wajue pia kuhusu kodeini, iliyomo katika baadhi ya dawa za kikohozi. Ini huigeuza kodeini kuwa mofini, na kuna watu wanaoigeuza haraka mno kwa maumbile waliyorithi, hali iliyoonekana kwa wingi nchini Ethiopia. Ndiyo maana mwaka 2017 Marekani ilikataza kodeini na tramadoli kutumika kwa watoto walio chini ya miaka 12. Na tramadoli, pamoja na jina lake la upole, ikizidishwa huleta degedege. Kiwango cha juu kwa mtu mzima kwa kawaida ni miligramu 400 kwa siku, na wapo wanaokifikia bila ya yeyote kuwahesabia.

Wapo watakaosema: kwa utaratibu au bila utaratibu, mwisho ni uraibu. Hoja hii ina uzito na inastahili jibu kamili. Mwili ukitumia dawa hizi kwa wiki kadhaa huzizoea, na zikikatwa ghafla mgonjwa hutetemeka, hutokwa jasho, huharisha. Hayo ni mazoea ya mwili, ndiyo maana dawa hupunguzwa hatua kwa hatua kwa maelekezo ya aliyeiandika. Uraibu ni jambo jingine: ni kuitafuta dawa kwa nguvu hata inapoharibu maisha. Hatari yake ipo, ni kubwa zaidi kwa mwenye historia ya ulevi, na hupanda dozi na muda vinapoongezeka kwa maumivu yasiyohitaji dawa kali. Mtu mwenye historia hiyo asinyimwe tiba. Amweleze daktari waziwazi, apewe dozi za siku chache, afuatiliwe kwa karibu. Tangu mwaka 2011 Tanzania imewatibu waraibu wa heroini kwa methadoni, wakianzia Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, na methadoni nayo ni ya ukoo huohuo. Waathirika hunywa dozi yao mbele ya mtumishi, na wengi wamerudi kwenye kazi na familia zao.

Wengine husema mofini ni hukumu ya kifo, ukipewa ujue umekwisha. Kinachoua ni saratani, na kipimo kilichopandishwa kwa uangalifu hakiharakishi mauti. Wapo waliofanyiwa upasuaji, walioungua moto, na wenye selimundu, wakaitumia kwa siku kadhaa, wakaiacha, wakaendelea na maisha. Nao wanaosifu uvumilivu wakumbuke kwamba maumivu makali humnyima mgonjwa chakula, usingizi, hata utulivu wa kuomba dua. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Na wapo watakaodai kwamba nchi zetu hazina uwezo wa kusimamia dawa hizi. Uganda si tajiri kuliko sisi. Usimamizi uliolegea tunao pale dirishani ambapo tramadoli inauzwa bila cheti, ilhali usimamizi mkali umewekwa kitandani kwa mgonjwa wa saratani. Tumeugeuza juu chini.

Kwa hiyo wito wangu ni kwa watu watatu. Wizara za afya: fundisheni na kuwaidhinisha wauguzi na matabibu wa wilayani waandike mofini, na hakikisheni haikauki katika hospitali zao. Mwenye duka la dawa: usiuze tramadoli wala kodeini bila karatasi ya daktari, hata mteja awe rafiki. Nawe unayeuguza nyumbani: ukipewa dawa hii, usiondoke dirishani kabla ya kujua kipimo, saa, dalili za hatari, na namba ya kupiga mambo yakiharibika. Uliza mara ya pili kama hukuelewa. Mgonjwa wako ana haki ya kutulizwa maumivu, na ana haki ya kutulizwa kwa usalama. Asilazimishwe kuchagua moja.