Mnyama wa Kwanza katika Nyumba Yenye Watoto

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Garbatulla



Halmashauri ilipotuagiza tuseme machache juu ya kufuga mnyama katika nyumba yenye watoto, wako waliocheka. Walisema, "Mtu wa Garbatulla afundishwe kufuga? Nani amfundishaye samaki kuogelea?" Tuliwasikiliza kwa adabu, kisha tukawauliza: katika nyumba zilizopangana kando ya barabara, ni ngapi zenye mnyama hata mmoja ambaye watoto wamemjua tangu kuzaliwa kwake? Hapo kicheko kikapungua.

Sababu ya jambo hili wazee waijua kuliko sisi tushikao kalamu. Katika vita vya shifta, vilivyodumu toka mwaka 1963 hata 1967, watu wa Waso pamoja na mifugo yao walikusanywa makambini hapa Garbatulla, na Merti, na Modogashe. Mifugo ilizuiliwa kwenda malisho ya mbali. Ikafa kwa njaa na maradhi, na mingine ikapigwa risasi. Wakati huo Waborana wauita gaafa daaba. Wengi walitoka humo wakiwa na kamba mkononi bila mnyama wa kuifunga, na hao ni miongoni mwa waliojenga mji wetu huu. Baadaye zilikuja njaa nyingine, na ya hivi karibuni ni ile ya misimu mitano mfululizo iliyokosa mvua, toka mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa 2022. Basi mtoto wa mjini leo huenda shule, jambo ambalo twalifurahia sana. Lakini aweza kufika darasa la sita akiyajua maziwa ya ngamia kwa dumu la plastiki tu. Kwake yeye mnyama wa kwanza kuingia uani ni mgeni.

Mila ya Waborana ilikuwa na njia yake katika jambo hili. Mtoto alipozaliwa, baba alimtengea mnyama, na zawadi hiyo ikaitwa handhuura, maana yake kitovu. Mnyama huyo na uzao wake wakahesabiwa kuwa mali ya mtoto, naye akakua pamoja nao. Tuangalie hekima iliyomo. Mtoto mchanga hawezi kunywesha ng'ombe. Mnyama alikuwa wake kwa jina, bali kazi ilikuwa ya wakubwa, na mtoto akaingizwa kazini kidogo kidogo kadiri alivyopata nguvu. Siku hizi twaona kinyume chake. Baba huleta mnyama, humkabidhi mtoto wa miaka sita, humwambia, "Huyu ni wako, mtunze." Mnyama akifa kwa kiu, mtoto ndiye apigwaye. Hayo si malezi. Mtu mzima asiyekuwa tayari kuamka usiku kumtazama mnyama, asimlete.

Kwa hiyo mtu akituuliza aanze na mnyama gani, twamjibu: aanze na mbuzi jike aliyekwisha kuacha ziwa. Hali majani tu; hata maganda ya viazi jikoni humfaa. Mtoto wa miaka minne atamtazama na kumpapasa mbele ya mamaye. Wa miaka saba atamchotea maji. Wa miaka kumi ataweza kumtoa asubuhi na kumrudisha jioni. Yatima aliyefiwa na mama ndiye apendwaye zaidi na watoto, ila kazi yake ni ya mtu mzima: lazima apate maziwa ya kwanza, yaani dang'a, katika saa za mwanzo za uhai wake, na chupa yake ioshwe kila mara kama ya mtoto wa binadamu. Maziwa ya mbuzi yachemshwe kabla ya kunywewa, kwa sababu homa ya brusela hupita humo, nayo humdhoofisha mtu miezi mingi.

Sasa twafika palipo na mwiba. Mbuzi ni rafiki wa mtoto, na mbuzi ni fedha ya baba. Ada ya shule yadaiwa, au mgeni mkubwa amefika, au kiangazi kimezidi na bei yaporomoka sokoni Isiolo. Baba humchukua yule mbuzi wakati mtoto yuko darasani. Mtoto hurudi akakuta kamba. Huuliza, akaambiwa mbuzi amepotea. Jioni hutoka kumtafuta kwenye vichaka mpaka giza, akiita jina. Wazee wetu, jambo hili latendeka katika nyumba za watu wema, wala hapana aliyekusudia ubaya. Lakini mtoto akijua kwamba alidanganywa, hatamwamini baba katika neno lingine kwa muda mrefu, na labda hatamwamini tena mnyama hata mmoja kiasi cha kumpenda.

Twaonelea hivi: siku ile mnyama aingiapo nyumbani, watoto waambiwe wazi kama ni wa kukaa au ni wa soko. Mtoto wa mfugaji haogopi neno hilo, mradi aambiwe mapema. Na ikiwa shida imekuja bila kutazamiwa, mtoto aitwe kabla, aelezwe, apewe nafasi ya kumsindikiza. Atalia. Aachwe alie. Katika kiangazi kikali neno hili lina uzito zaidi, kwa sababu huenda ikapasa kumwuza mnyama akiwa bado ana nyama ya kununulika, kuliko kumwacha afe uani mbele ya macho ya watoto kwa kuwa hakuna aliyethubutu kusema.

Juu ya paka hatuna maneno mengi, maana paka hujitetea mwenyewe. Kila mwenye duka la unga ajua thamani yake. Kwa ndugu zetu Waislamu yatosha kukumbuka kwamba sahaba mmoja wa Mtume alijulikana kwa lakabu ya Abu Huraira kwa sababu ya paka wake mdogo, na kwamba iko hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula wala kumwacha ajitafutie. Mtoto wa paka asitengwe na mamaye kabla ya majuma manane. Watoto wafundishwe kutomshika mkia na kutomgusa akiwa na wanawe. Mama mjamzito asizoe mavi ya paka. Kazi hiyo ifanywe na mwingine, kwani yamo maradhi yawezayo kumdhuru mtoto tumboni. Mapunye pia hutoka kwa paka mara nyingine, nayo yana dawa.

Mbwa ndiye mwenye maneno. Kwanza neno la dini: kutoa hukumu ni kazi ya mashehe, si ya makarani. Tulichofundishwa nao ni kwamba mbwa wa kulinda mifugo, wa shamba na wa kuwinda ameruhusiwa, na kwamba kwa madhehebu ya Shafi chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Basi mbwa wa boma ana nafasi yake nje, zizini, afukuzapo fisi. Hata katika nyumba zisizokuwa za Kiislamu, sisi hatupendi mbwa alale kitanda kimoja na watoto.

Neno la pili ni la uhai na kifo. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa katika Kenya tangu mwaka 1912, karibu na Nairobi, na mpaka leo hakijaondoka. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na katika kila kumi wanne ni watoto wasiofika miaka kumi na mitano. Sababu yaeleweka: mtoto ni mfupi, uso wake uko karibu na meno, humkumbatia mbwa alaye, na akiumwa kidogo huficha, akiogopa kukemewa. Dalili zikisha kuonekana karibu hapana anayepona. Lakini kabla ya dalili njia ipo. Kidonda kioshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika kumi na tano. Kisipakwe majivu, wala mafuta, wala samli. Kisha mtoto apelekwe hospitali siku ile ile, apate chanjo, na sindano zote ziishe hata kama kidonda kimekwisha kupona. Kwa hiyo mzazi anayetaka watoto wake wakae salama na mbwa aanze na sheria moja ya nyumba: mtoto asemaye "Nimeumwa" haadhibiwi.

Mbwa mwenyewe hupata chanjo akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Serikali ya Kenya iliweka mpango wa kuondoa vifo vya ugonjwa huu toka mwaka 2014 hata 2030, na wataalamu wasema mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa ugonjwa hukosa njia ya kupita. Mbwa mmoja aliyechanjwa katika mtaa wenye mbwa ishirini wazururao ni faraja ndogo.

Tena kuna tegu wa mbwa. Mbwa alishwapo maini na mapafu mabichi ya mnyama aliyechinjwa, tegu hukua tumboni mwake, na mayai yake hutoka na mavi. Mtoto amezaye mayai hayo hufanya uvimbe wa maji katika ini au mapafu, unaokua kwa miaka mingi. Ndugu zetu wa Turkana wameteswa sana na ugonjwa huu. Wachinjaji wetu, ambao wamo katika mkutano huu, watusaidie kwa kuzika au kuchoma maini yenye malengelenge badala ya kuyatupa nje.

Imebaki habari ya mnyama wa porini, kwa kuwa watoto wetu huokota watoto wa digidigi na kobe, na watu waovu hupitisha watoto wa duma kwenda kuuzwa Arabuni. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 yakataza mtu kumweka mnyama wa porini pasipo kibali. Wengine hutujibu, "Na Elsa je?" Habari ya Elsa yajulikana dunia nzima, nayo ni ya hapa kwetu. Mwaka 1956 George Adamson, bwana wanyama wa Isiolo, alimpiga risasi simba jike aliyemrukia, akakuta ana watoto watatu. Wawili walipelekwa Rotterdam; Elsa akalelewa na mkewe Joy, akarudishwa porini Meru, ng'ambo ya Kinna, ambako alikufa Januari 1961 kwa homa ya kupe. Wasimuliao hadithi hii husahau kwamba nyumba ile haikuwa na mtoto. Baadaye simba mwingine wa Adamson, aitwaye Boy, aliyezoea watu tangu udogo, alimjeruhi mtoto mdogo wa mkuu wa hifadhi ya Meru mwaka 1969, na mwaka 1971 akamwua mfanyakazi huko Kora, hata Adamson akalazimika kumwua kwa mkono wake. Digidigi hana makucha ya simba, ila hufa upesi kifungoni, na mtoto aliyemwokota hulia pasipo faida. Amwache alipomkuta, aghalabu mamaye yuko karibu akitazama.

Bwana Mwenyekiti, twaleta ombi moja. Halmashauri iandike barua kwa idara ya mifugo ya Kaunti ya Isiolo kuomba siku ya chanjo ya mbwa na paka wa mji huu, ikiwezekana tarehe 28 Septemba, ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Kabla ya hapo yafaa tujue hesabu ya mbwa kwa kila mtaa. Vijana wa shule waweza kuiandika wakati wa likizo, wakiongozwa na mzee mmoja wa kila mtaa, ili wasiingie nyua za watu bila ruhusa. Daftari na kalamu tutazitoa sisi ofisini.