MIZANI YA MTIHANI: KARATASI AU KOMPYUTA?
Mada kwa viongozi wa walei, wazazi na wajumbe wa kamati za shule, Mabira



Ndugu zetu viongozi wa walei, wenyeviti wa Jumuiya Ndogo Ndogo, walimu na wazazi,

Kila mwaka, mwezi Septemba, watoto wetu wa darasa la saba huingia katika chumba cha mtihani kwa siku mbili. Wanapotoka, wengine njia imewafungukia na wengine imewafungia. Ndiyo maana jambo lolote linalohusu mtihani ni jambo la haki, na Tume ya Haki na Amani haina budi kulizungumza.

Swali lililo mbele yetu ni hili: je, mitihani ya shule ifanyike kwa kompyuta, au iendelee kufanyika kwa karatasi na kalamu? Wapo wasemao kwamba kompyuta ndiyo maendeleo, na kwamba anayesita anawarudisha watoto nyuma. Wapo wengine wasemao kwamba hayo ni mambo ya mjini, na hayatuhusu sisi tunaoishi kati ya migomba na mibuni. Sisi tunaona kwamba makundi yote mawili yanajibu kabla ya kuuliza. Tuanze basi kwa kuuliza mtihani ni nini.

1. Mtihani ni mizani

Mkulima wa Mabira anapopeleka kahawa yake kwenye chama cha msingi, hajali sana kama mizani ni ya mshale au ni ya kielektroniki. Anachojali ni kama mizani inasema kweli. Mizani ikiwa mpya na ya kung'aa, lakini karani ameiwekea kidole, mkulima amedhulumiwa. Mizani ikiwa ya zamani, lakini imekaguliwa na inasomeka mbele ya wote, mkulima hurudi nyumbani na haki yake.

Mtihani nao ni mizani. Kazi yake ni kupima kile mtoto anachokijua na anachoweza kukifanya. Ukipima na kitu kingine ndani yake, kwa mfano mali ya wazazi wake, au umbali wa shule yake kutoka barabara kuu, mizani hiyo imewekewa kidole.

Taifa letu lilifikiri juu ya mizani hii tangu zamani. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alionya kwamba tumeipa mitihani heshima kubwa mno. Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na kwa Sheria Namba 21 ya mwaka 1973 likaundwa Baraza la Mitihani la Tanzania. Maana ya hatua hizo ilikuwa wazi: wananchi washike mizani yao wenyewe. Kwa hiyo tunapojadili chombo cha kufanyia mtihani, hatuingilii kazi ya wataalamu. Tunatunza mali yetu.

2. Karatasi nayo ina makosa yake

Tusiisifu karatasi kupita kiasi. Mwaka 1998 mitihani ya kidato cha nne ilivuja, ikafutwa, na vijana wakalazimika kurudia. Mwaka 2018 mtihani wa darasa la saba ulifutwa katika shule za wilaya ya Chemba, mkoani Dodoma, na katika baadhi ya shule za mahali pengine, na watoto wakaurudia mwezi Oktoba. Katika mtihani wa darasa la saba wa mwaka 2022, Baraza lilifuta matokeo ya watahiniwa 2,194 kwa sababu ya udanganyifu.

Tuangalie vizuri mambo haya. Karatasi husafiri njia ndefu, kutoka inakochapishwa hadi kituo cha mwisho kijijini, na bahasha hupita katika mikono mingi. Lakini karatasi haijifungui yenyewe katika bahasha. Ni mtu mzima anayeifungua. Mara nyingi ni mtu mzima anayetaka shule yake isifiwe, au anayetaka fedha, na anayelipa gharama ni mtoto. Kompyuta inaweza kuifupisha njia ile ya bahasha, na hiyo ni faida ya kweli. Hata hivyo anayetunza neno la siri la kompyuta ni mtu kama yule aliyetunza ufunguo wa kabati. Mashine haitatupatia uaminifu tulioukosa.

3. Tujifunze kutokana na yaliyotokea

Mambo manne yaliyokwisha kutokea, mawili hapa nchini na mawili ng'ambo, yatatusaidia kupima.

La kwanza ni la kidato cha nne mwaka 2012. Matokeo yalipotangazwa mwezi Februari 2013, watahiniwa zaidi ya 240,000 walikuwa wamepata sifuri, yaani zaidi ya nusu ya wote waliofanya mtihani. Taifa liliingia simanzi. Serikali ilichunguza, na mwezi Mei 2013 ikaagiza matokeo yale yafutwe na kupangwa upya, kwa sababu utaratibu mpya wa kupanga madaraja ulikuwa umetumika pasipo maandalizi ya kutosha. Mtihani wenyewe ulifanyika kwa karatasi zile zile. Kilichobadilika ni jinsi ya kupima, na wanaopimwa hawakuandaliwa. Udhaifu wa elimu ulikuwapo, ni kweli. Lakini mizani iliyobadilishwa ghafla iliongeza jeraha juu ya jeraha.

La pili ni la Nigeria. Huko mtihani wa kuingia vyuo vikuu hufanyika wote kwa kompyuta tangu mwaka 2015. Mwezi Mei 2025 bodi inayosimamia mtihani huo ilikiri kwamba hitilafu katika mitambo yake ilikuwa imeharibu alama katika Lagos na majimbo matano ya kusini mashariki. Watahiniwa karibu 380,000 wakaitwa kurudia. Kosa la mtu mmoja mwenye bahasha huharibu kituo kimoja au wilaya moja. Kosa lililofichika ndani ya programu huweza kuharibu majimbo mazima kwa siku moja, na mtahiniwa hawezi kuliona kwa macho. Hata hivyo tuipe bodi ile sifa yake: ilikiri hadharani.

La tatu ni la Finland. Nchi hiyo ni tajiri, na shule zake zote zina umeme. Hata hivyo haikuhamisha mtihani wake wa kumaliza sekondari kwa siku moja. Ilianza na masomo machache mwaka 2016, ikaongeza mengine hatua kwa hatua, na ikakamilisha mwaka 2019. Tena kompyuta za mtihani huunganishwa na mashine moja ya shule, bila kutegemea intaneti wakati wa mtihani. Kama tajiri alikwenda polepole, maskini akimbilie nini?

La nne ni letu sote. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilifanyika kwa vishikwambi, na vingi vyake viligawiwa walimu baadaye. Makarani wa sensa walikuwa watu wazima waliosoma, na bado walipewa mafunzo kabla ya kutumwa kwenye kaya. Ikiwa mtu mzima hufundishwa chombo kabla ya kukitumia kuhesabu watu, mtoto wa miaka 13 atapimwaje maisha yake kwa chombo ambacho hajawahi kukigusa?

Utafiti nao unakubaliana na akili ya kawaida. Katika jimbo la Massachusetts, Marekani, mwaka 2015 na 2016, shule nyingine zilifanya mtihani kwa kompyuta na nyingine zikafanya mtihani ule ule kwa karatasi. Wanafunzi wa kompyuta walipata alama pungufu, na pengo hilo lilikuwa dogo zaidi katika mwaka wa pili. Maana yake ni kwamba sehemu ya alama ilipima mazoea. Palipokuwa na mazoea, dhuluma ilipungua.

4. Hali yetu hapa Mabira

Kwa miaka mingi mkoa wetu wa Kagera ulitegemea umeme ulionunuliwa kutoka Uganda, na sote tunajua maana ya kukatika kwa umeme. Nguzo zimefika katika vijiji vingi, lakini nguzo kupita mbele ya shule ni jambo moja, na darasa kuwa na umeme ni jambo jingine.

Tufanye hesabu ndogo kama mfano. Shule ina watahiniwa 90 na kompyuta 15. Kila somo litahitaji zamu sita. Mtihani wa darasa la saba una masomo sita. Kwa hiyo zamu zitakuwa 36 badala ya sita. Watoto wa zamu ya kwanza watakutana na wenzao wa zamu ya sita njiani, na siri itakuwa imekwisha. Ili kuzuia hilo, yahitajika hazina kubwa ya maswali, kila zamu ipewe maswali tofauti, lakini yenye ugumu ulio sawa. Hiyo ni kazi ya miaka, na ni kwa nchi yenye watahiniwa wa darasa la saba zaidi ya milioni moja kwa mwaka.

Kisha, nani atanunua mashine? Tangu Januari 2016 Serikali imefuta ada katika shule zake. Isije ikawa kompyuta ikawa mlango wa nyuma wa kurudisha mzigo ule kwa jina la mchango. Mjane asiye na shamba la kutosha asiambiwe kwamba mtoto wake hatafanya mazoezi kwa sababu hajalipa.

5. Lakini kukataa tu hakutoshi

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Wao hao walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Ndugu zetu, tukishinda katika kuitetea karatasi kisha tukalala, tutakuwa tumewadhulumu watoto kwa njia nyingine. Katika miaka ya karibuni Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma imeanza kufanya usaili wa mchujo kwa kompyuta, waombaji wakiwa katika mikoa yao. Kwa kijana wa Kyerwa asiye na nauli ya kwenda Dodoma hii ni neema. Lakini kama siku hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kushika kipanya, atashindwa na kijana wa mjini asiyemzidi kitu kichwani. Mizani iliyompitia mbali akiwa na miaka 13 itamkuta akiwa na miaka 25.

Tena wapo ambao karatasi haikuwatendea haki kamwe. Mtoto asiyeona hutegemea maandishi ya nukta nundu, na mwenye uoni hafifu hutegemea maandishi makubwa. Kompyuta inayosoma kwa sauti yaweza kumpa uhuru ambao hajapata kuwa nao. Hao ndio wangestahili kufikiriwa wa kwanza.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: kompyuta iingie darasani kabla ya kuingia katika chumba cha mtihani. Karatasi ibaki hadi kila mtoto awe amejifunza na kufanya mazoezi kwa chombo kile kile atakachopimiwa. Na wakati wa mabadiliko ukifika, tunadai mambo manne. Kwanza, majaribio yafanyike katika shule za vijijini pia, na alama za majaribio zisihesabiwe. Pili, gharama isiwe juu ya mzazi. Tatu, karatasi za akiba ziwepo katika kila kituo umeme ukikatika. Nne, mtahiniwa awe na njia iliyo wazi na nafuu ya kuomba matokeo yake yakaguliwe.

Wakati wa kusema ndio huu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la mwaka 2023, imeweka elimu ya msingi ya miaka sita na elimu ya lazima ya miaka kumi. Utaratibu wa mitihani hauna budi kubadilika pamoja nayo. Anayenyamaza sasa asije akalalamika baadaye.

Tusingoje kuitwa. Mjumbe wa kamati ya shule aulize katika kikao kijacho: shule yetu ina umeme? Vishikwambi vya walimu vinatumika kufundishia, au vimefungiwa kabatini? Diwani aulizwe katika mkutano wa kijiji. Mwenye kijana aliyemaliza chuo amwombe atoe Jumamosi moja kuwafundisha wadogo zake. Hayo yanawezekana hapa Mabira bila kusubiri waraka wowote.

Mungu awabariki.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya

1. Katika shule iliyo jirani nasi, ni watoto wangapi wamewahi kugusa kompyuta? Nani awahesabu na lini?

2. Tumewahi kuona au kusikia mtu mzima akimsaidia mtoto kudanganya katika mtihani? Tulifanya nini, na tungepaswa kufanya nini?

3. Ni mtoto yupi katika Jumuiya yetu angeachwa nyuma mtihani ukihamia kwenye kompyuta mwaka ujao? Ni yupi anaachwa nyuma leo na karatasi?

4. Tuchague jambo moja la kuuliza katika mkutano wa kijiji ujao, na mtu atakayeuliza.