Aliyevaa Vizuri Naye Ana Njaa

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wakazi na wageni, Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni)



Nimeombwa nizungumzie mapokezi. Nitazungumzia nguo. Msicheke, ni habari ile ile.

Mwishoni mwa mwaka 2014, mauaji yalipoanza huko Beni, mimi na mama watoto na watoto watatu tulitoka nyumbani usiku. Tukafika Kasindi, tukavuka mpaka kuingia Mpondwe. Nilikuwa nimevaa suti yangu ya harusi, na ndani yake mashati mawili na suruali nyingine. Mama watoto alijifunga vitenge vitatu, kimoja juu ya kingine, na cha juu kilikuwa cha Krismasi. Anayekimbia hana mkono wa kubebea sanduku: huku ameshika mtoto, huku sufuria. Mwili ndio sanduku lake. Na atachagua nguo zipi? Zile nzuri, mbovu anawaachia waporaji.

Tulipokwenda kuandikishwa, kijana aliyekuwa akipanga mstari alinitazama kuanzia kola hadi viatu, akasema, "Wewe mzee ni mfanyabiashara, simama kando." Nikasimama mpaka jioni. Usiku mwenzangu mmoja, mzoefu wa kukimbia, akanishauri: "Vua hiyo suti, jipake vumbi kidogo." Nikafanya hivyo. Kesho yake, kabla ya saa sita mchana, nilikuwa nimeandikishwa. Uongo wa kwanza niliousema Uganda niliusema kwa nguo, na hata leo naona haya.

Lakini kabla ya hapo tulilala Bwera, kwa bibi mmoja wa Kikonzo. Mnajua Wakonzo wa Kasese na sisi Wanande wa Kongo lugha yetu ni moja, mpaka ndio uliotukata. Bibi yule aliiona suti, hakuuliza bei yake. Aliinama akatazama miguu ya watoto, akaenda kuteleka maji. Baadaye ndipo akauliza sisi ni wa kijiji gani.

Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unataja hofu ya kuteswa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 ukaongeza vita na fujo zinazomtoa mtu kwao. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 inafuata njia hiyo hiyo. Hakuna hata mmoja unaotaja shati lililochanika.

Tusiwalaumu wafanyakazi peke yao. Wakati wa Ebola, wahudumu walikuja wamefunikwa kuanzia kichwani hadi miguuni, nasi tukasema hao ni wauaji. Mwezi Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Mwezi Juni mwaka huo ugonjwa ukavuka mpaka: mtoto wa miaka mitano aliyetoka Kongo alipelekwa hospitali ya Bwera, na tarehe 11 ikatangazwa kuwa ni Ebola. Waliomhudumia walivaa mavazi yale yale ya kutisha. Huko Beni walileta vyumba vya plastiki inayoonyesha ndani, ndugu wakaweza kumwona mgonjwa wao usoni. Hapo maneno yalipungua.

Sasa nije kambini. Mwaka 2023 Mpango wa Chakula Duniani uliwagawa wakimbizi wa Uganda katika makundi matatu kufuatana na shida zao, na kundi dogo likaondolewa kwenye mgao. Tangu hapo, wakija watu wenye makaratasi ya maswali, nawaona akina mama wakivua hereni na wazee wakificha redio chini ya kitanda. Binti anaacha kusuka nywele wiki nzima ili aonekane na njaa. Njaa anayo kweli, nywele hazijaipunguza. Naomba wanaouliza waingie ndani ya nyumba, wafunue chungu, waulize jana kililiwa nini.

Na sisi Kamati tumo. Mwaka jana nilikuwa nikigawa mablanketi, yakawa hayatoshi. Nikamruka kijana mmoja kwa sababu shati lake lilikuwa jeupe, limenyooshwa vizuri. Nikajisemea, huyu ana ndugu Kampala wanaomtumia pesa. Mimi, mwenye ile suti! Jirani yake ndiye aliyenieleza kwamba shati ni hilo hilo moja, analifua kila usiku na kulala kifua wazi hadi likauke.

Nilimpelekea blanketi la nyumbani kwangu siku ya tatu. Siku zote hizo mvua ilikuwa ikinyesha. Alilipokea kwa mikono miwili, akanikaribisha kiti.