Vitu Vilivyo Mvunguni mwa Kitanda

(Hotuba kwa wenye nyumba)



Mwaka unapokwisha, watu wengi hununua chokaa na kupaka kuta za nje, nao hudhani ya kuwa nyumba imekuwa mpya. Lakini mvunguni mwa kitanda hapakuguswa. Huko mna magunia matupu, debe lililotoboka, kiatu kimoja kisicho na mwenzake, na taa iliyovunjika chemni. Kila kimoja kiliwekwa kwa neno lile lile: "Huenda kikafaa."

Vitu hivyo havikai peke yao. Panya hupenda gunia lisilosogezwa, na panya huja na viroboto wake. Mwaka 1902 tauni ilizuka katika mtaa wa maduka ya Wahindi mjini Nairobi, na daktari wa serikali akaamuru mtaa huo uchomwe moto. Vibovu na vizima viliteketea pamoja, kwa kuwa moto haujui kuchagua.

Papasi ni adui wa siri zaidi. Mchana hujificha katika nyufa za ukuta wa udongo na katika vumbi la sakafu. Usiku hutoka, akanyonya damu ya aliyelala, kisha akarudi mafichoni. Aweza kukaa miaka kadhaa bila chakula, basi chumba kilichofungwa siku nyingi kisidhaniwe kuwa ni salama. Mwaka 1905 daktari Joseph Dutton wa Uingereza alikuwa Kongo pamoja na mwenziwe John Todd, wakichunguza jinsi papasi aenezavyo homa. Walifaulu katika uchunguzi wao, lakini Dutton aliugua homa hiyo hiyo akafa mwaka huo huo.

Kazi yenyewe yataka siku ya jua kali. Vitu vya chumba kimoja vitolewe vyote nje. Chumba kimoja tu, maana mtu aanzaye nyumba nzima kwa pamoja hukutwa na usiku vitanda vyake vikali uani. Mikeka na magunia yakung'utwe na kuanikwa, sakafu ifagiliwe mpaka pembeni, na nyufa zikandikwe. Hapo ndipo vitu virudishwe, kimoja kimoja, na kila kimoja kiulizwe kilitumika lini mara ya mwisho.

Ugumu si kubeba vitu, bali ni kuamua. Kijana aliyerudi kutoka kazini mjini huona vibuyu vyeusi kwa moshi juu ya meko ya nyanya yake, akavitupa shimoni kwa haraka ya usafi. Kumbe mlikuwamo mbegu za msimu ujao, zilizowekwa motoni makusudi ili zisiliwe na wadudu. Kosa la namna hii halitengenezwi kwa kuomba radhi, kwa kuwa mvua haimngojei mtu. Vivyo hivyo koti la marehemu lililotundikwa ukutani: si haki mtu mwingine kulitoa mjane akiwa sokoni. Lianikwe, lipigwe mswaki, lirudishwe msumarini, mpaka mwenyewe atakaposema neno.

Karatasi nazo zitazamwe moja moja. Katika bahasha kuukuu huenda mkaonekana cheti cha kuzaliwa cha mtoto, hati ya shamba, au stakabadhi ya deni lililokwisha kulipwa ambalo mdai amesahau kuwa amelipwa. Hizo zitiwe katika mkebe wenye kifuniko cha kubana, na watu wawili wa nyumba wajue ulipo.

Yatakayobaki yachomwe au yafukiwe mbali na kisima. Lile debe lililotoboka lisitupwe kwanza. Likipasuliwa na kukunjwa kama kofia pana, likazungushwa katika nguzo ya ghala kiasi cha futi tatu kutoka ardhini, mdomo ukielekea chini, panya hupanda mpaka hapo, hukwama, akateremka. Debe moja halitoshi nguzo zote nne. Jirani naye huenda analo lake mvunguni.